YAH: Malalamiko kuhusu stendi zenu za jeki na jinsi nilivyojibiwa kaunta

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa mimi mwenyewe heshima hiyo sikuipata kwenu. Masharti ya dhamana ni ya kwenu na mnayajua, kwa hiyo siyarudii. Risiti nimeambatanisha, pamoja na picha za stendi zote mbili, zile za kushikilia gari likishanyanyuliwa kwa jeki, na za lebo.

Lebo inasema tani 3. Gari langu ni dogo, halifiki tani moja na nusu, na nilikuwa nimenyanyua mbele tu. Matairi ya nyuma yalikuwa chini, yamewekewa kabari, breki ya mkono imevutwa, sakafu ni ya zege na imenyooka. Mzigo uliozikalia stendi mbili zile haukufika hata tani moja. Nilishusha jeki taratibu mpaka uzito ukahamia kwenye stendi, jeki nikaiacha palepale ikigusa kwa mbali, kisha nikalisukuma gari kwa bega kulijaribu, kama inavyopasa kabla mtu hajaingia chini. Ulimi wa chuma unaoishikilia nguzo ya stendi ya kushoto ukaruka kwenye meno ya nguzo hiyo, nguzo ikazama. Kilicholidaka gari ni ile jeki. Mwanangu alikuwa ameshatandika boksi chini, anangoja nimwambie aingie.

Nilipozileta stendi kwenu, kijana wa kaunta aliniuliza mbele ya wateja wengine: "Mama, kwani kuna mtu amekufa?"

Nimezikagua stendi hizo kwa utulivu baadaye. Ulimi hauingii kikamilifu kwenye meno, unashika ncha tu, na ukiutikisa mkono wa stendi unacheza. Meno yenyewe yana kingo za mviringo. Miguuni kuna ulehemu wenye vitundu. Pini ya kupitisha katikati ili kuizuia nguzo iwapo ulimi utashindwa, hakuna. Na hiyo tani 3 ni ya stendi moja au ya jozi? Lebo haisemi. Mnunuzi abahatishe?

Hili la pini nililiuliza siku ya kununua. Niliomba wazi stendi zenye matundu na pini nene, kwa kuwa pini ukishaipitisha unaiona kwa macho, haina cha kuteleza. Muuzaji wenu akasema hizi za meno "ndizo za kisasa". Huyohuyo alitaka kunipa jeki ya chupa kwa gari la chini, jeki ambayo hata ikiwa imeshushwa kabisa haipenyi chini ya bodi! Nikamkatalia, nikachagua ya magurudumu. Anayeuza vifaa vya kubeba gari juu ya kifua cha mtu anatakiwa kujua kwamba jeki ni ya kunyanyua na stendi ni ya kushikilia. Jeki ya haidroliki inategemea mafuta na sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasipite. Sili ikichoka, mafuta hupita na gari hushuka, na anayelala chini hapati onyo. Ndiyo maana stendi ipo. Stendi ikishindwa, hakuna kingine kilichobaki.

Sasa nirudi kaunta, maana naona bado hamjanielewa. Niliiweka stendi mbele yake, nikainyanyua nguzo, nikamwonyesha ulimi unavyoruka kwa kusukumwa na kidole. Hakuinua macho kwenye simu. Nikamweleza habari za mwanangu, kwamba alikuwa amebakiza neno langu tu aingie chini. Ndipo akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Mama, kwani kuna mtu amekufa?" Msimamizi wake aliyekuwa nyuma akacheka. Kisha kijana akaisogeza stendi kwa kiwiko kuelekea kwangu, akamwita mteja anayefuata. Sikuandikiwa hata karatasi ya kupokea malalamiko. Je, huo ndio utaratibu wenu, kwamba mpaka aletwe maiti ndipo fomu ijazwe?

Nilikuja siku ile nikitaka kurudishiwa fedha zangu tu. Sasa hilo halitoshi. Nataka fedha za stendi na za jeki, na msiniletee nyingine za aina ileile badala yake. Mwaka 2020 huko Marekani stendi za meno ziliitishwa zirudishwe kwa wingi kwa sababu hiihii, ulimi kutoshika meno sawasawa, na baadhi ya zile zilizotolewa badala yake nazo zikaja kurudishwa kwa ulehemu mbovu. Kwa hiyo nataka stendi zote za kundi hili ziondolewe kwenye rafu, na kila aliyezinunua ajulishwe asiingie chini ya gari lililokalia stendi hizo. Kumbukumbu za mauzo mnazo. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye saini ya yule kijana na ya msimamizi aliyecheka.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Baada ya kuyaandika haya yote nawapa 7. Zikipita bila jibu la maandishi, nakala ya barua hii na picha zote zitafika kwa mamlaka ya viwango na kwa wakili wangu. Stendi zenyewe sitawaachia tena, si kwa uchunguzi wala kwa ahadi yoyote. Mkitaka kuzikagua, mtazikuta kwa wakili, mbele ya shahidi.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa