Baba Mdogo, sigara ibaki nje ya nyumba

Baba Mdogo, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu najua nyumba nyingi za wapiganaji wa Vita vya Kagera zina jambo hili, na watoto wao, kama mimi, hawajui waanzie wapi kulisema. Ulitusimulia mwenyewe kwamba kabla ya vita hukuwa mvutaji. Sigara ya kwanza uliiwasha porini mwishoni mwa mwaka 1978, na Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979 ulikuwa tayari hulali bila kuvuta. Sikulaumu kwa hilo, wala leo sikuombi uache, ingawa siku utakayotaka kuacha nitakusindikiza zahanati mimi mwenyewe.

Ninachoomba ni kwamba ndani ya nyumba asivute mtu yeyote, hata akiwa mwenzako wa kikosi aliyesafiri siku nzima kuja kukuona. Hao ndio wagumu, kwani kumwambia mgeni wa namna hiyo atoke nje kunafanana na kumfukuza. Amri hiyo ikitoka kwangu itakuwa utovu wa adabu. Ikitoka kwako wataipokea.

Kufungua dirisha hakutoshi, Baba. Moshi husambaa hadi chumba cha mwanangu, mjukuu wako mwenye pumu, na masalia yake hunasa kwenye mapazia, magodoro na nguo muda mrefu baada ya sigara kuzimwa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kilicho salama kwa asiyevuta. Sheria yetu ya mwaka 2003 ya kudhibiti tumbaku inalinda sehemu za umma. Sebule yako haina mlinzi ila wewe.

Linaloniumiza zaidi ni usiku. Tunakusikia unapozinduka saa nane, kiberiti kikiwaka kitandani, na Mama Mdogo akikohoa gizani bila kusema neno, kwa kuwa anajua umetoka kuota nini. Sitaki katazo likunyime kitulizo cha saa ile kisha likuache peke yako. Nimemwagiza fundi benchi la kuweka chini ya mwembe, na taa nitaifunga juu ya mlango wa uani. Ukizinduka, nigongee, nitatoka nikae nawe hadi usingizi urudi.

Mwanao.