Risala ya Umoja wa Watuma Salamu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Redio Duniani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wetu, Ndugu Meneja mpya wa kituo, viongozi wa dini, wazee wetu, wanachama wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi chini ya turubai hili katika maadhimisho ya Februari 13. Tuliambiwa utafika saa nne na umefika saa nne. Hilo nalo tunalishukuru.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu ulizaliwa kwenye kadi. Kadi ya salamu ilikuwa na mistari kumi ya majina na chini yake kijinafasi cha ujumbe. Mtu aliinunua dukani, akaijaza, akampa kondakta wa basi aifikishe kituoni, kisha jioni akaitegea redio asikie kama imesomwa. Wengi wetu tulijuana hewani miaka kadhaa kabla ya kuonana. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mkewe, tulifika msibani watu zaidi ya thelathini, na yeye hamjui hata mmoja kwa sura. Ikabidi kila mtu ajitambulishe kwa jina lake la hewani. Alipoyasikia yale majina ndipo alipoanza kulia upya.

Redio yenyewe ilianza kama redio ya jamii. Wazee waliopo hapa walikulia kwenye redio ya Serikali peke yake, hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi na vikundi. Yetu ilikuja baadaye sana, ndani ya chumba kimoja cha ghala la ushirika, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi. Alfajiri tulipata bei ya dagaa mwaloni. Mchana kwaya na mambo ya pamba. Jioni salamu kwa muda wa saa mbili nzima, na kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, matangazo ya vifo.

Mafuta ya jenereta na madeni vikaishinda jamii. Akaja mmiliki wa pili, mfanyabiashara, na tuseme kweli: alileta mitambo mipya, watangazaji wakaanza kulipwa, na wawili kati yao ni watoto wetu. Redio ikawa ya bongofleva, singeli, ubishi wa Simba na Yanga na matangazo ya kubashiri mechi. Salamu zikabaki nusu saa, kwa ujumbe wa simu wa kulipia. Mmiliki wa tatu ana vituo vingine mjini, na vipindi karibu vyote sasa vinatoka huko. Kwetu imebaki saa moja. Mvuvi anaamka saa kumi na moja alfajiri kusikiliza hali ya ziwa, anaambiwa kuna foleni Ubungo, Dar es Salaam.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuja kulalamikia mabadiliko. Redio ya taifa imebadilika kuliko hii yetu. Ilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, ikisikika mjini na viungani tu. Mwaka 1956 ikawa shirika, TBC, ile T ikiwa ya Tanganyika. Mwaka 1965 Serikali huru ikaivunja TBC na kuiweka redio chini ya wizara, ndiyo Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tuliyoijua. Mwaka 2002 ikawa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT, na mwaka 2007 herufi za mkoloni zikarudi zilezile, TBC, ila T sasa ni ya Tanzania. (Kuna mzee wetu hapa anadai hajawahi kuitambua hata moja baada ya RTD.)

Vipindi navyo viligeuka. Miaka ya 1970 nyimbo za kigeni zilipopunguzwa hewani, bendi zetu ndizo zilizojaza nafasi, na zilirekodiwa na redio yenyewe, pale Barabara ya Pugu. RTD ikawa TUT, TUT ikawa TBC, kanda zikabaki rafuni. Ndiyo maana hata leo NUTA Jazz na Western Jazz wanasikika redioni.

Kwetu kituo kilipouzwa, kompyuta zilifomatiwa ziwekewe programu mpya. Wazee wakisimulia walivyohamia vijiji vya ujamaa, wavuvi wakitaja majina ya pepo za ziwa, mabibi na nyimbo zao za harusi, vyote vikaenda. Kijana mmoja alikwenda kituoni na flashi yake, akiomba sauti ya marehemu bibi yake aliyehojiwa pale. Alijibiwa kwa adabu kabisa kwamba hakuna kitu. Bahati nzuri, mtangazaji mmoja wa zamani alikuwa na tabia ya kujichomea nakala. Ana boksi la viatu limejaa sidii chini ya kitanda chake, na yuko tayari kulikabidhi.

Kuhusu matangazo ya vifo, nitasema moja tu. Mwanachama wetu anaishi kisiwani, mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Kaka yake alizikwa Jumanne. Yeye alipata habari Ijumaa, kwa mwenye mtumbwi, aliyedhani mwenzetu anajua.

Risala nyingi huishia kwenye kuomba fedha. Sisi tunaomba dakika kumi na tano kabla ya saa mbili usiku, kila siku, kwa ajili ya vifo, bila malipo. Tunaomba ofisi ya utamaduni ya halmashauri ilipokee lile boksi la viatu, na iwe utaratibu kwamba mahojiano ya watu wa hapa yanaachiwa nakala pale kabla kituo hakijauzwa tena. Tunajua umiliki haubadiliki bila Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kuridhia. Tungependa, Mheshimiwa, utufikishie neno huko: kabla ya kuridhia, na wasikilizaji waulizwe.

Ndugu Meneja, wewe ni mgeni wetu vilevile, na hayo ya kompyuta hukuyafanya wewe. Kadi moja tulikuwa tumeihifadhi tangu enzi zile. Tumeijaza, mistari yote kumi, na iko mezani hapo mbele yako. Tunaomba isomwe leo jioni.

Naomba kuwasilisha.