Yah: Malalamiko kuhusu mashine ya kukerezea ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) mliyonichagulia

Ndugu Meneja Mkuu,

Mada tajwa hapo juu yahusika. Mkataba, hati ya udhamini na namba ya mashine vimo kwenye mafaili yenu, na ninyi ndio mlioviandika, kwa hiyo sitapoteza muda wako kwa kuvirudia. Ninaandika kwa utulivu ambao nimeutafuta kwa siku nne, na ninaomba barua hii isomwe hadi mwisho kabla ya kupelekwa kwa mtu yeyote wa idara ya ufundi.

Nilipofika kwenu mara ya kwanza sikuja na jina la mashine kichwani, nilikuja na mchoro. Nilimkabidhi afisa mauzo wenu mchoro wa shafti ambayo ndiyo kazi inayoiweka karakana yangu hai: nondo ya chuma ya milimita 32 ipite ndani ya spindo, yaani mhimili wenye tundu unaoizungusha kazi, na kukatwa vipande, kila kipande kichomelewe sahani katikati, kisha sahani hiyo ikerezwe hadi kipenyo cha milimita 140, upande mmoja utobolewe tundu la milimita 20, na upande wa pili ukatwe hesi za M30, yaani za kipenyo cha milimita 30. Nilimweleza pia kwamba nafasi yangu ni ndogo na umeme wangu ni wa fezi moja. Aliutazama mchoro kwa muda ambao mtu hutumia kutazama saa, akanionyesha mashine ndogo iliyoandikwa 250 kwa tarakimu kubwa, akasema, "Hii itaifanya kazi yako, na nafasi itabaki."

Hiyo 250, Ndugu Meneja, ni kipenyo kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda cha mashine pakiwa hapana kitu kingine chini yake. Kazi yangu haizunguki juu ya kitanda kitupu. Slaidi inayobeba visu lazima ipite chini ya sahani ili ifike upande wa pili, na hapo nafasi iliyobaki ni milimita 120, jambo lililoandikwa chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ambazo kijana wangu mwenye macho mazima alizisoma kwa kuinama. Sahani ya 140 haipiti kwenye nafasi ya 120. Tundu la spindo nalo ni la milimita 26, na nondo ya 32 haiingii humo hata ukiiombea dua. Ninakubali kwamba ningepaswa kuusoma ukurasa ule mwenyewe hadi chini, lakini mteja anayeleta mchoro huuleta ili anayejua mashine amsomee.

Hayo ningeyavumilia, na kwa kweli niliyavumilia, kwa sababu nilianza kununua nondo zilizokwisha kukatwa na sahani nikazirudisha kwenye mashine yangu ya zamani ya mkono. Kilichonishinda ni hesi. Katalogi yenu inasema mashine inakata hesi, na programu inaipokea G76, amri ya kukata hesi, bila kulalamika. Kisu kilipopita mara ya kwanza kiliacha mstari safi. Kilipopita mara ya pili kilianzia mahali pengine, kikaukata ule mstari wa kwanza kwa mshazari, na mara ya tatu shafti ikawa kama muhindi uliotafunwa na panya. Nilipoufungua mfuniko wa spindo niliona mahali pa enkoda pakiwa na matundu manne ya skrubu na vumbi. Bila enkoda, kompyuta ya mashine haijui spindo imefika wapi, na haiwezi kuanza hesi mahali ilipoianzia awali. Nilipowapigia simu niliambiwa kwamba enkoda ni kifaa cha ziada.

Ndipo mkamleta fundi wenu mkuu. Alifika asubuhi, nikiwa na vijana wangu watatu na mteja aliyekuwa akisubiri kazi yake. Hakuiwasha mashine. Aliiokota ile shafti iliyoharibika, akaigeuza mkononi, akamgeukia mteja wangu na kusema, "Hawa ndio wanaonunua kompyuta wakidhani ni nyundo." Kisha akanipa fomu niitie saini, nayo ilikuwa tayari imeandikwa: kosa la mwendeshaji.

Ninarudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo la nguvu ambalo nililiripoti wiki mbili kabla ya ziara hiyo na ambalo hakuna aliyelijibu. Mota imeandikwa kilowati 1.5, na sipingi kwamba inazifikisha ikiwa kwenye kasi yake kamili. Lakini spindo yenu inapunguzwa kasi kwa inveta peke yake, kile kifaa cha umeme cha kubadili kasi ya mota, haina gia wala puli ya pili, na mota ya namna hiyo ikizungushwa kwa robo ya kasi yake hubaki na takriban robo ya nguvu. Keekee ya milimita 20 ndani ya chuma inataka mzunguko wa taratibu, wa kama 400 kwa dakika, na hapo ndipo mashine yenu inapokwama, inaguna na kuzima. Afisa mauzo aliyeuona mchoro wenye tundu hilo alipaswa kulijua hili kabla yangu.

Na bado ninarudi kwenye asubuhi ile, uniwie radhi, kwa maana hainitoki. Fundi wenu alikuja na sanduku la vifaa na hakulifungua. Alikaa dakika ishirini, na simu iliongea zaidi ya dakika kumi kati ya hizo. Fomu aliitoa mfukoni ikiwa imekunjwa, na wino wake ulikuwa umekauka, maana yake aliiandika kabla hajaingia mlangoni kwangu. Aliposema lile neno la kompyuta na nyundo, mteja wangu alicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka akiwa ugenini, na kijana wangu mdogo kabisa, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika mikromita, akainamisha kichwa akaanza kufagia chuma mahali palipokwisha kufagiliwa. Mteja yule hajarudi.

Alipoondoka niliweka geji mwenyewe, ndani ya tundu la spindo na si kwenye chaki inayoishika kazi, ili mtu asije akaisingizia chaki. Ilisoma kwamba spindo inayumba milimita 0.04. Cheti chenu cha majaribio, kilichokuja kimebandikwa kwenye mlango wa mashine, kinasema 0.01. Geji haijui kama mwendeshaji ni mjinga.

Nilipoanza kuiandika barua hii nilikusudia kuomba enkoda tu, ifungwe bila malipo. Nikiisoma tena naona kwamba enkoda haitaongeza nafasi juu ya slaidi wala haitapanua tundu la spindo. Kwa hiyo ninataka mwichukue mashine yenu kwa usafiri wenu, mnirudishie fedha zote pamoja na gharama ya kuileta na thamani ya shafti kumi na moja zilizoharibika. Ninataka pia fomu ile ifutwe kwenye kumbukumbu zenu, na fundi wenu aje aombe radhi pale pale aliposimama, vijana wangu wakiwepo. Simu ya kuniomba radhi sitaipokea.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, wakili wangu, ambaye ana nakala ya mchoro ukiwa na mhuri wenu wa kupokelea, ataendelea bila kunishauri tena. Na mimi nitakodi lori, niishushe mashine mbele ya mlango wa duka lenu saa za kazi, niubandike mchoro ule ubavuni mwake, na kila mteja anayeingia nimwombe ajaribu kupitisha nondo ya 32 kwenye tundu la 26.

Wako katika kazi,

Mmiliki wa karakana

Nakala: Wakili