Kazi ya grafu ya Biblia, someni kabla ya Jumamosi

Bwana asifiwe wapendwa, mliouliza tunafanya nini hasa na hiyo AI ni hivi: kila mstari wa Biblia ni nukta, afu mstari ukinukuu mwingine tunachora mshale, ndo grafu yenyewe hiyo. Modeli, yaani hiyo AI, tunaipa sura moja moja, inaturudishia mstari unakotoka, unakoelekea, na aina yake, yaani nukuu kamili au dokezo tu. Mathayo 4:4 kwenda Kumbukumbu la Torati 8:3 haina shida, hata watoto wa sande skuli wanaijua.

Kasheshe iko Marko 1:2-3. Pale katajwa Isaya, basi modeli inapeleka mshale mmoja Isaya 40:3 inatulia zake, wakati yale maneno ya mjumbe yako Malaki 3:1. Mathayo 27:9 ndo balaa zaidi, jina ni Yeremia ila vile vipande thelathini vya fedha viko Zekaria 11:12-13, sasa jamani msimfute Yeremia, wekeni mishale miwili, mmoja wa jina lililotajwa, mwingine wa maneno yalipo.

Na ikikupa mstari usioujua fungua Biblia uhakikishe, maana hii kitu inatunga namba kwa kujiamini kama dalali wa soko la samaki la Mwaloni.

Jumamosi saa 4 asubuhi palepale Nyakato, wa Sengerema wahini kivuko cha Kamanga. Laptop zije na chaji. Zaburi bado haina mtu wa kuishughulikia, naona wote mnaikwepa 😂