Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: fundi naye awe na dai juu ya nyumba aliyoijenga

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni fundi mwashi, kazi zangu nyingi ziko Goba na Madale, na nakuandikia juu ya kifungu cha sheria ambacho mafundi wengi hukijua wakiwa wameshaumia.

Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinataja mali zisizokamatwa wakati wa kukazia hukumu, yaani mahakama inapomlazimisha aliyeshindwa kesi alipe. Humo imo nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Nia yake naielewa, wala siombi kifutwe. Ila tazama kinavyotukuta sisi. Mwenye nyumba analipa msingi bila kelele, analipa boma hadi renta, kwenye kupaua anaanza kutoa nusu nusu, plasta ikiisha simu haipokelewi. Baada ya muda familia imehamia. Nikishtaki nikashinda, mali yake ya maana ni nyumba hiyohiyo, nayo ndiyo isiyoguswa.

Wako wanaopandwa na hasira wakarudi usiku kung'oa milango na bati. Wanaishia polisi kwa wizi au kuharibu mali, na mdaiwa anageuka mlalamikaji.

Kuna watakaosema niweke zuio kwa Msajili wa Hati, yaani pingamizi linaloandikwa kwenye daftari la ardhi. Zuio ni la mwenye maslahi katika ardhi yenyewe. Mimi nadai hela ya kazi, kiwanja si changu. Fundi cherehani ana nafuu, maana Sheria ya Mikataba inamruhusu kubaki na suti mpaka alipwe. Mimi nyumba nitaifungia kabati gani?

Wenzetu Marekani walilitazama jambo hili zamani. Mwaka 1791, mji mkuu mpya wa Washington ulipokuwa ukijengwa, jimbo la Maryland lilipitisha sheria iliyowapa wajenzi na mafundi dai linalokaa juu ya jengo lenyewe. Thomas Jefferson alikuwa miongoni mwa waliolipigia debe. Leo majimbo yote yana sheria ya namna hiyo. Fundi anasajili dai lake kwenye kumbukumbu za ardhi ndani ya muda uliowekwa, akichelewa limekufa. Mwenye nyumba akiona ameonewa, anaweza kuweka dhamana, nyumba ikawa huru na kesi ikaendelea.

Ninachoomba ni chepesi kuliko hicho. Familia iendelee kulala humo, hakuna wa kuitoa. Nyumba tu isiuzwe wala isiwekwe rehani benki hadi dai lilipwe au mahakama ilitupe. Siku anataka mkopo, atanitafuta yeye mwenyewe.

Najua wenye nyumba watakachosema: mafundi nao ni wakorofi. Kweli, wapo wanaokula advansi wakahamia Mbagala na namba mpya ya simu, na wametuharibia jina sote. Kwa hiyo muda wa kusajili dai uwe mfupi, tuseme siku 90 tangu kazi isimame. Dai liambatane na maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili. Na anayesajili dai la uongo alipe fidia.

Pagumu ni hapa. Viwanja vingi ninavyojenga havina hati, vina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Dai likisajiliwa kwa Msajili peke yake, litawafaa makandarasi wa maghorofa ya Masaki. Mimi nitabaki nilipo. Liwepo daftari kwenye ofisi ya mtaa, kwa sababu huko ndiko mnunuzi anakopita kuuliza kabla hajatoa hela. Lisipowekwa huko, sheria itakuwa nzuri kwenye makaratasi, na saidia fundi wangu, ambaye namlipa jioni hata kama tajiri hajatoa kitu, ataendelea kulipwa kwa hela niliyokopa.

Tume ya Kurekebisha Sheria iko chini ya wizara yako. Naomba uwakabidhi jambo hili, na wakianza kukusanya maoni wasituitie ukumbini mjini siku ya kazi. Waje saiti saa nne asubuhi, wakati wa chai, watatukuta wote.

Ni mimi,
Fundi mwashi, Goba, Dar es Salaam