Tufundishwe pia kwenda polepole na pikipiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kila mnapoandika habari za ajali za pikipiki, neno linalotawala ni mwendokasi. Sikatai, mwendo unaua. Lakini nimepanda pikipiki miaka 19, na siku nilipomwangusha mke wangu, mtu wa miguu angeweza kunipita.

Nilikuwa nageuza kwenye barabara nyembamba, gia ya kwanza, usukani nimeukata kulia mpaka mwisho. Mtoto akajitokeza mbele yetu ghafla. Vidole vyangu vikabana breki ya mbele. Papo hapo pikipiki ikalala kulia. Nilitoa mguu kuizuia, lakini zile ni kilo 120 na ushei za chuma, na juu yake watu wawili. Mguu utazuia nini? Mtoto hakuguswa, namshukuru Mungu. Mke wangu alibanwa na ekzosi kwenye shavu la mguu, na kovu lake bado analo.

Kovu lile ndilo lililonifanya nijiulize nilifundishwa nini. Nilifundishwa kuondoka, kubadili gia na kusimama. Baada ya hapo nikaingia barabarani. Hakuna aliyeniambia kwamba pikipiki ikishika mwendo hujisaidia yenyewe kusimama wima, na kwamba mwendo ukishuka msaada ule hupotea, kazi yote ikabaki kwa dereva. Wala sikuambiwa kwamba ukibana breki ya mbele huku gurudumu limekatwa, uzito wote unatupwa ndani ya kona na chombo kinakwenda chini kabla hujajua kimetokea nini.

Huko Japani, mtahiniwa wa leseni ya pikipiki hupandishwa kwenye ubao mwembamba uliolazwa chini, urefu mita 15, upana sentimita 30, na anachopimwa ni kuchelewa. Kwa pikipiki ya kawaida asimalize chini ya sekunde 7. Kwa ile kubwa, chini ya sekunde 10. Uingereza nao wana kuzunguka umbo la nane, kugeuza, na kwenda kwa mwendo wa miguu, vyote ndani ya mtihani. Niliposoma hayo nilichukua chokaa, nikachora mistari miwili kwenye uwanja mtupu, mita 15 kwa sentimita 30. Siku ya kwanza nilitoka nje ya mstari kabla ya nusu. Miaka 19 barabarani, Mhariri.

Sasa nafanya mazoezi kila wiki, dakika 20 hivi, na naomba wasomaji wenzangu wajaribu. Siri kubwa iko kwenye klachi. Usiiachie yote wala usiibane yote. Itafute pale inapoanza kushika, na ubaki hapo. Mafuta yawe yaleyale, kidogo na bila kurukaruka. Mwendo unaurekebisha kwa breki ya mguu, ukiigusa taratibu wakati injini bado inavuta. Hapo utaona pikipiki inatulia chini yako. Breki ya mbele iache kabisa unapokata kona kwa mwendo huo. Wenye pikipiki zisizo na mkono wa klachi watumie mafuta na breki ya nyuma vivyo hivyo. Wapo wanaohofia kuunguza klachi. Klachi za pikipiki nyingi huzunguka ndani ya oili, kwa hiyo zoezi fupi haliiharibu. Ukisikia harufu, pumzika.

Macho ndiyo yaliyonishinda kwa muda mrefu kuliko yote. Ukitazama tairi la mbele, utaanguka kwenye tairi la mbele. Wakati wa kugeuza, zungusha kichwa chote, kidevu kivuke bega, utazame kule unakotaka kutokea. Tena usiiname pamoja na pikipiki kama unavyofanya kwenye kona ya kasi. Iache ilale ndani, wewe ubaki wima, uzito wako uuhamishie upande wa nje wa kiti. Mara ya kwanza mwili unakataa. Mimi nilihitaji wiki tatu.

Anza peke yako, helmeti kichwani na viatu vinavyofunika vifundo. Abiria asubiri mpaka uweze kuzunguka nane bila kugusa chini, kulia na kushoto, maana kila mtu ana upande unaomwogopesha. Wangu ni kulia, bila shaka kwa sababu ya siku ile. Abiria akipanda, uzito unarudi nyuma na usukani unakuwa mwepesi, hivyo unajifunza upya.

Mke wangu sasa ndiye anayenishikia saa uwanjani. Juzi alinihesabia sekunde 9.

Ombi langu kwenu ni hili. Mtakapoandika tena juu ya usalama wa pikipiki, waulizeni wanaofundisha udereva ni saa ngapi mwanafunzi anatumia katika mwendo wa miguu kabla hajaruhusiwa kubeba mtu. Majibu yao yachapisheni.

Wako mtiifu,
Msomaji na mpanda pikipiki