Tuandae begi la dharura kabla mvua za vuli hazijaanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumze na wenzangu wanaoishi mabondeni na kandokando ya mito, hasa katika Bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam, kuhusu begi la vitu vya lazima ambalo kila kaya inapaswa kuwa nalo, likiwa limefungwa na kutundikwa karibu na mlango, ili siku ya kuhama ghafla mtu alichukue na kutoka bila kuanza kupekua kabati.

Tarehe 20 Desemba 2011, siku 11 tu baada ya nchi kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, mvua kubwa ilianza kulishukia jiji hili, na ndani ya siku chache zaidi ya watu 40 wakawa wamepoteza maisha. Tulielezwa kwamba mvua ya kiasi kile haikuwa imeonekana Dar es Salaam tangu mwaka 1954. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule moja ya msingi isiyo mbali na bonde, na kwa kuwa wanafunzi walikuwa likizo, madarasa yetu yaligeuzwa makazi ya muda ya watu waliokimbia maji. Nilikabidhiwa daftari nikae mlangoni kuandika majina ya wanaoingia, na kwa siku mbili zile niliona kile ambacho mtu hukibeba anapokuwa na dakika tano za kuchagua katika mali yake yote.

Mama mmoja kijana aliingia amelowa chapachapa, mtoto mgongoni na televisheni ya chogo kichwani. Televisheni ile haikuwaka tena. Usiku wa pili mtoto alipandisha homa, na muuguzi alipoomba kadi ya kliniki ili aone uzito wake na chanjo alizokwishapata, mama alijipapasa kifuani kana kwamba kadi ingekuwa imefungwa kwenye kanga, kisha akainamisha kichwa. Mzee mwenye kisukari alikuja na funguo zote za nyumba yake, akawa amesahau vidonge. Fundi mmoja wa nguo alikuja na kichwa cha cherehani begani, na huyo sikumlaumu hata kidogo, maana haikupita wiki akawa anashona chini ya mwembe wetu na kupata hela ya kuwalisha wanawe.

Lakini ninaloshindwa kulisahau ni mstari mmoja wa daftari lile. Mwanamke mmoja alinitajia majina ya watoto wake watatu, na nilipomuuliza jina la baba yao alijibu, “Anakuja, Mwalimu, amerudi mara moja kuchukua vyeti.” Nikaacha mstari wazi. Ulibaki wazi hadi kambi ilipofungwa.

Tangu hapo naamini kwamba kazi ya kwanza ya begi la dharura ni kumzuia mtu asirudi ndani. Chakula, nguo na magodoro vitaletwa na majirani, misikiti, makanisa na Chama cha Msalaba Mwekundu, na katika hilo sisi Watanzania hatujawahi kutupana. Kinachomrudisha mtu kwenye maji ya kifuani ni kile anachojua kwamba hakuna atakayempa kingine. Kwa hiyo anayefunga begi ajiulize swali moja kwa kila kitu anachokishika: hiki ningekirudia? Kile ambacho angekirudia kiingie, na vingine vyote vibaki kabatini.

Najua wapo watakaosema kwamba kufunga begi wakati jua linawaka ni uchuro, yaani kujiitia balaa. Kwao nina jibu ambalo kila mama analifahamu. Mjamzito akikaribia siku zake, kliniki humwagiza aandae begi lake mapema: kanga safi, pamba, wembe, glovu, nguo za mtoto, na nauli pembeni. Begi hilo hukaa tayari kwa wiki kadhaa, mume analijua lilipo, mama mkwe analijua lilipo, na hakuna mtu anayeliita uchuro, kwa sababu wote wanajua kwamba uchungu hauji kwa miadi. Maji ya Msimbazi nayo ndivyo yalivyo. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, maji yake huteremka hadi Kigogo na Jangwani hata kama hapo penyewe hakuna tone lililoanguka, na aliyelala huamshwa na ubaridi wa godoro. Ninachoomba ni kwamba ustadi ambao mama zetu wanao kwa begi la uzazi uhamishiwe kwa kaya nzima.

Karatasi ndizo zinazotangulia. Kwenye begi ziingie vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa au angalau namba za NIDA, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya shule, kadi za bima ya afya, leseni ya makazi au mkataba wa kupanga, na kwa kijana wa bodaboda, kadi ya pikipiki yake. Nasisitiza mkataba wa kupanga kwa sababu wengi wetu mabondeni ni wapangaji, na siku ya kuandika waathirika, mpangaji asiye na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba alikuwa akiishi nyumba fulani hubaki akimtegemea mwenye nyumba, ambaye pengine hayupo au simu yake haipatikani. Kijana mmoja alituletea kambini bahasha ya vyeti aliyoitoa chini ya godoro. Tulivitandaza juu ya madawati, kila kimoja na kipande cha tofali juu yake kisipeperuke, lakini cheti cha kidato cha nne kilikuwa kimegandana na kile cha kuzaliwa, na tulipovibandua wino wa muhuri ukawa umehamia usoni mwa picha yake. Alihangaika miezi mingi katika ofisi moja baada ya nyingine kabla hajapata cha kuonyesha alipotaka kazi.

Zamani tungefunga karatasi hizo kwenye mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mimi siombi irudishwe, kwa kuwa nimeona jinsi ilivyokuwa ikiziba mitaro yetu na kuyarudisha maji majumbani. Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, la aina ile tunayowekea watoto chakula cha shule, linatosha kabisa kwa vyeti vilivyokunjwa mara moja, na likiponyoka huelea. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu na picha atumiwe ndugu aliye mkoa mwingine, ili hata simu na begi vyote vikipotea pawe na mahali pa kuanzia. Namba za simu za ndugu watatu au wanne ziandikwe kwenye kipande cha karatasi, kwa maana siku hizi hata namba ya mume au mke wengi hatuikumbuki kwa kichwa. Naomba ziandikwe kwa penseli, kwani maandishi ya penseli hayachuji maji yakiyagusa. Mtoto mdogo naye awekewe kikaratasi cha jina lake na namba ya mzazi mfukoni mwa nguo atakayovaa.

Baada ya karatasi ni dawa. Anayetumia dawa za presha, kisukari, pumu, kifua kikuu au za kufubaza virusi vya Ukimwi aweke za wiki moja pamoja na kadi yake ya kliniki, na kila anapochukua dawa mpya azitumie zile za begini kwanza na kuweka mpya mahali pake, zisije zikaisha muda. Pakiti mbili tatu za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na dawa ya kutibu maji ya kunywa hazichukui nafasi, nazo ni za lazima, kwa sababu mafuriko ya kwetu hupita kwenye vyoo vya shimo, na wapo hata wanaongojea mvua ili watapishe vyoo vyao. Wenye kuhara kambini hawakosekani, na kipindupindu kikiingia hakichagui.

Fedha iwepo kidogo ya taslimu, katika noti ndogondogo, kwani simu ikizima chaji au mtandao ukikatika, salio lililomo ndani yake halinunui hata maji. Tochi, chaja, filimbi ya kuita msaada, miwani ya akiba kwa anayeihitaji, taulo za kike, chupa moja ya maji, karanga au tende za kumtuliza mtoto usiku ule wa kwanza. Viatu vya kufunga vikae chini ya begi, maana ndala huchukuliwa na maji hatua ya tatu, na chini ya maji yale kuna misumari, chupa na mabati. Na doti moja ya kanga: kambini niliona kanga ikiwa mbeleko, shuka, kilemba cha kubebea mzigo, na pazia la wasichana kubadilishia nguo katika darasa lenye watu 60.

Sitaongeza zaidi ya hapo, kwa sababu uzito nao unaua. Kuna orodha zinazosambazwa ambazo humtaka mtu abebe maji ya kunywa ya siku tatu, lita tatu kwa kila mtu kwa siku. Kwa kaya ya watu watano hizo ni lita 45, nazo ni kilo 45, karibu sawa na mfuko mzima wa saruji, na walioziandika walikuwa wanamfikiria mtu anayeondoka na gari lake. Kwetu anayehama ni mama anayetembea kwa miguu gizani, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, ndani ya maji yanayosukuma. Begi likishafungwa, mama alivae, ambebe na mtoto, kisha atembee mchana kweupe hadi mahali pa juu ambapo familia imekubaliana kukutania. Likimchosha kabla hajafika, lipunguzwe.

Muda wa kuhama nao haulingani kila mahali. Wenzetu wa Rufiji na Kibiti, maji yalipopanda Aprili 2024, wengine walipata siku kadhaa za kuyaona yakija na kuhamisha hata vyakula kwa mitumbwi. Tarehe 25 ya mwezi huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Msimbazi hutupa saa chache. Kule Hanang, alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliyoporomoka mlimani yaliingia Katesh na vijiji vya jirani watu wakiwa bado vitandani, na zaidi ya 80 wakafa. Hapo ambaye begi lake liko mbali zaidi ya hatua mbili aliache akimbie. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu ikiwa tu mtu bado amesimama pakavu, na mtungi wa gesi ufungwe.

Begi langu mwenyewe nililifungua Jumapili iliyopita. Betri za tochi zilikuwa zimevuja ute mweupe, na raba nilizomwekea mjukuu wangu mwaka jana hazimwingii tena hata vidole. Nimeeleza hilo ili ijulikane kwamba begi lililofungwa mara moja na kusahaulika halina faida kubwa. Lifunguliwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kwa viongozi wetu nina ombi moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi ya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeunda kamati za kushughulikia mambo haya. Hata hivyo taarifa ikifika mtaani husema “wananchi wachukue tahadhari” na kuishia hapo, bila kumweleza mwananchi huyo ashike nini na aelekee wapi. Wenyeviti wa mitaa, pamoja na wajumbe wa mashina, wanaweza kuitumia mikutano ya kabla ya mvua kutaja shule au uwanja ambao watu wa mtaa ule watakimbilia, kuorodhesha wazee na wagonjwa wasioweza kutembea, na kupanga ni kijana gani atamgongea nani mlango.

Kwako wewe Mhariri, ombi langu ni kwamba siku Mamlaka itakapotangaza mwelekeo wa mvua za vuli, gazeti lako lichape kando ya habari hiyo orodha fupi ya vitu vya begi la dharura, kwa herufi kubwa ambazo mzee anaweza kuzisoma, pamoja na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ili msomaji akate kipande hicho na kukibandika nyuma ya mlango wake.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam.